Mcheza kwao hutunzwa, mbona sisi tunapewa soda na cheti?



Leo hatuandiki juu ya singo wala rangi za mitandio. Tunaandika juu ya mji. Siku hizi kila tukipita barabarani tunaona mji unapambwa: masoko mapya, skuli za ghorofa, vituo vya daladala, mizunguko ya barabara yenye taa na maua. Alhamdulillah. Nani asiyependa mji wake upendeze? Lakini tuna suali, na tutalisema bila ya kuuma maneno. Katika huko kupambwa, kazi ya kupamba anapewa nani? Sisi wanawake wa visiwa hivi, ambao kupamba ndiyo kazi yetu tokea usichana, tunaitwa lini? Na tukiitwa, tunalipwa nini?

Msimamo wetu ni huu. Fedha za umma zikitolewa kupendezesha mahala pa umma, fungu maalum la fedha hizo liende kwa wasanii wa hapa hapa, kwa tangazo la wazi na mkataba wa maandishi. Na mchora hina, msuka ukili, mshona kofia na mtarizi wahesabiwe ni wasanii sawasawa na mchonga mlango na mchora picha. Hatuombi sadaka. Tunaomba kazi.

Nani kasema hii si sanaa?

Tunaanzia hapa kwa sababu ndiyo kauli tunayoisikia kila siku. "Hayo mnayofanya ni mapambo tu ya kike, sanaa ni kitu chengine."

Haya, mtazame mchora hina. Bi harusi kakaa mbele yake, mikono miwili na miguu miwili. Hakuna rula, hakuna penseli ya kupitisha kwanza, na piko ikishashika haifutiki. Anaanza ua kwenye kiganja cha kulia, na ua la kushoto lazima lilingane nalo kwa jicho tu. Akikosea mstari mmoja, harusi nzima itauona. Sasa mtu wa namna hiyo anashindwa nini mbele ya ukuta? Ukuta ni mkubwa kuliko kiganja, basi.

Mtazame msuka ukili. Anahesabu kwa vidole bila ya kuandika popote, ukili wenye rangi unapanda na kushuka, na zikija kushonwa pamoja ule mchoro unakutana kama uliopigwa mashine. Mtazame mama wa Pemba anayeshona kofia kwa mkono, kiua kwa kiua, kazi ya miezi kwa kofia moja nzuri. Waume zetu wanazivaa Ijumaa na Idi, mheshimiwa anaivaa akienda kufungua jengo jipya, na katika jengo lenyewe hakuna hata kiua kimoja cha yule mama.

Na kanga je? Wenye kuisimulia historia yake wanasema kuwa mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani hii walichukua leso za dukani, zile ndogo ndogo, wakaziunga pamoja kwa sindano mpaka zikatoka nguo pana ya kujifunga. Ndipo wafanyabiashara walipoona soko, wakaanza kuzichapisha. Kwa hiyo mwanzo wake ni mkono wa mwanamke na uzi. Sisi tuliosomea ushoni tunalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Tena kuna Lubaina Himid. Kazaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, akawa mchoraji. Mwaka 2017 alipata Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Na katika kazi zake nyingi amezitumia kanga, mapambo yake na maneno yake. Kwa hiyo kanga ikitundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho Ulaya ni sanaa, watu wanakata tiketi kwenda kuiangalia. Hapa nyumbani, ilikozaliwa, tunaambiwa ni nguo ya kupikia. Nani hapa hajui kuona, sisi au wao?

Wenzetu wanafanyaje?

Kuna watakaosema kuwa haya ni mawazo ya mafundi cherehani waliokosa kazi. Basi tazameni miji mengine.

Marekani, mji wa Philadelphia ulianza mwaka 1959 kuweka utaratibu kuwa jengo la umma likijengwa, asilimia 1 ya gharama iwe ya sanaa. New York wakapitisha sheria yao mwaka 1982, nayo asilimia 1. Maana yake ni nyepesi: skuli ikijengwa, fedha ya sanaa imo ndani ya hesabu tokea siku ya kwanza, pamoja na saruji na mabati. Haisubiri hisani ya mtu. Halafu msanii anaitwa kwa tangazo, anaonyesha mchoro wake, kamati inachagua, analipwa.

Hapo Philadelphia pia, mwaka 1984 ulianza mpango wa kuwachukua vijana waliokuwa wakichafua kuta kwa maandishi, wakafundishwa kuchora kuta hizo kwa heshima. Leo michoro ya ukutani ya mji ule imepita 4,000. Na kuna jambo moja katika mpango ule ambalo sisi washonaji lilitufurahisha sana. Sehemu kubwa ya kazi haifanywi juu ya ngazi barabarani. Mchoro unagawiwa vipande vipande, unapakwa rangi ndani, juu ya kitambaa chepesi maalum, kisha vile vipande vinakwenda kugandishwa ukutani na kuungana kuwa picha moja. Kitambaa, vipande, kuunganisha! Sasa hiyo si kazi yetu hiyo?

Lakini msiseme tunatazama Marekani tu. Kuna mji mdogo wa Waislamu, kando ya bahari, wenye kuta nyeupe na vichochoro vyembamba. Unaitwa Asilah, uko Morocco. Mwaka 1978 watoto wawili wa mji ule, Mohamed Benaissa na mchoraji Mohamed Melehi, waliita wasanii wakapaka rangi kuta za mji wao, ambao ulikuwa umechakaa. Benaissa baadaye akawa meya. Mpaka leo kila mwaka kuta zinapakwa chokaa na kuchorwa upya, na wageni wanakwenda kwa ajili hiyo. Melehi alijulikana kwa mawimbi yake, mistari iliyopinda ya rangi kali. Mawimbi! Kitu ambacho sisi tunakiona kila asubuhi tukifungua dirisha. Asilah haikuwa na fedha nyingi kutushinda. Ilikuwa na watu waliokubali kuwa mwenye kipaji wa mji ule ni mali ya mji ule.

Soda, cheti na picha

Sisi wenyewe tuliwahi kuitwa. Ofisi moja ya umma, jina tunaliacha, ilikuwa na shughuli yake. Tukaambiwa tupambe jukwaa kwa vitambaa, tulete mikeka na makawa ya ukili, na watoto wetu wawili wawachore piko wageni. Tukauliza malipo. Tukajibiwa, "Hii ni fursa yenu ya kujitangaza."

Tukakesha tukishona. Kitambaa tulinunua sisi, uzi wetu, nauli yetu. Shughuli ikafana, masha'Allah, wageni wakapiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Mwenye maturubai alilipwa. Mwenye spika alilipwa. Mwenye jenereta alilipwa, mpishi wa biriani alilipwa. Sisi tulipewa soda, cheti chenye jina lililokosewa, na kupiga picha na mgeni rasmi.

Tunajua hatuko peke yetu, kwa sababu kila tukikutana na mafundi wenzetu hadithi ni hiyo hiyo, ofisi tu ndiyo inayobadilika. Na sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali juu ya jambo hili. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tumpe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakutoa ruhusa ya kumlipa kwa cheti. Wala hakusema kuwa hukmu hiyo ni ya wabeba matofali tu na haimuhusu mwenye sindano.

Na tunawauliza mabibi harusi: nyinyi mnapomwita mpambaji, mnamwambia aje kujitangaza? Hamwambii. Mnakubaliana bei, mnatoa arubuni, mnamaliza. Msichana wa miaka 22 anayeolewa, ambaye kila senti kaihesabu, anajua adabu ya kazi. Ofisi yenye bajeti na mhasibu inashindwaje?

Mkopo si kazi

Tukilalamika tunaambiwa, "Undeni kikundi mkaombe mkopo." Tunawashukuru. Wenzetu wa Bara wamewekewa na sheria kuwa halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kutokuwa na riba kwetu ni jambo kubwa, na tunaliunga mkono.

Lakini fikirini. Mkopo unanunua cherehani. Cherehani inataka mteja. Mteja asipokuwepo, deni linabaki na cherehani inauzwa kulipa deni. Mnunuzi mkubwa kuliko wote katika mji ni serikali yenyewe. Yeye ndiye anayejenga skuli, anayefungua soko, anayenunua mapazia ya ofisi, viti vya ukumbi na mapambo ya sherehe. Sasa mnunuzi huyo akitukopesha kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaagiza maua ya plastiki kutoka ng'ambo, katusaidia nini? Tupeni kazi, deni tutalilipa wenyewe.

Majibu kwa wanaopinga

Wanasema: *fedha hakuna.* Fedha ya kupamba ipo, tunaiona kwenye taa na vigae. Na asilimia 1 si kitu cha kuangusha jengo. Tuseme skuli inajengwa kwa shilingi bilioni 2. Asilimia 1 ni milioni 20. Kwa hizo, kikundi cha wanawake kinaweza kubuni pambo la ukuta wa mbele, wakanunua rangi nzuri, wakalipana, na skuli ikawa na sura yake mwenyewe, si sanduku jeupe kama masanduku mengine.

Wanasema: *Mji Mkongwe ni urithi wa dunia, huwezi kwenda kupaka rangi.* Hapo tunakubaliana nao. Mji Mkongwe umeingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, nyumba zake ni za mawe, udongo na chokaa, na ukuta wa chokaa unataka kupumua. Ukiupaka rangi ya mafuta unaufunga pumzi, maji yanabaki ndani, plasta inamong'onyoka. Kule kuachwe na sheria zake. Lakini mji hauishii Darajani. Kuna majumba ya Michenzani yenye kuta ndefu zisizo na kitu. Kuna skuli, vituo vya afya, masoko, kuta za viwanja vya mpira, vituo vya daladala kuanzia Mjini mpaka shamba. Kuta hizo hazina wa kuzilinda wala wa kuzipamba, zimejaa mabango ya waganga na matangazo ya mikopo ya simu.

Wanasema: *dini.* Hapa ndipo tunaposhangaa kuliko pote. Hatusemi tujaze masanamu ya watu barabarani, na wengi wetu hatungeifanya kazi hiyo hata kwa malipo. Lakini mapambo yetu tokea zamani ni maua, majani, nyota, mistari na khati. Milango yetu mikubwa ya kuchonga imejaa maua na minyororo, na juu yake mara nyingi ni aya za Qur'an. Sanaa ya hina, ya ukili, ya kofia, ya kanga, yote inakwenda njia hiyo hiyo. Kama kuna sanaa inayofaa ukuta wa mji wa Kiislamu bila ya ugomvi na mtu, ni yetu.

Wanasema: *mwanamke kupanda ngazi barabarani, stara iko wapi?* Stara ni yetu, tunaijua. Ndiyo maana tumeeleza habari ya vitambaa vya Philadelphia. Mchoro unabuniwa na kupakwa rangi ndani, wanawake kwa wanawake, watoto wakicheza pembeni. Au unahamishiwa kwenye vigae, au fundi chuma anaukata kwenye bati liwe dirisha la kupitisha upepo lenye mchoro wa ukili. Anayepanda ngazi anaweza kuwa kaka yetu, naye alipwe. Kwani mhandisi anayechora daraja hubeba zege mwenyewe? Muhimu ni kuwa mbunifu anajulikana na mbunifu analipwa.

Tunachotaka

Tumeyaandika kwa ufupi ili diwani akisoma asiseme hakufahamu.

1. Fungu la sanaa, angalau asilimia 1, liwemo ndani ya hesabu ya kila jengo jipya la umma na kila bustani. Liandikwe, lisiachwe kwenye huruma ya mtu.

2. Tangazo la kazi liwe kwa Kiswahili, libandikwe kwa masheha, lisomwe redioni, lipelekwe kwenye vikundi vya wanawake, Unguja na Pemba. Tangazo likiishia kwenye ubao wa ofisi moja, linakuwa limewekwa kwa ajili ya mjomba wa mtu.

3. Kikundi kidogo kikubaliwe kushindania kazi ndogo. Ukimtaka msuka ukili alete hesabu za kampuni za miaka mitatu, hapo umemfukuza kwa adabu.

4. Katika kamati ya kuchagua wawemo wanaoijua kazi yenyewe, na wanawake wawemo. Mtu asiyejua tafauti ya kofia ya mkono na ya mashine atachaguaje?

5. Mkataba, na sehemu ya fedha itangulie. Sisi hatuna mtaji wa kuikopesha serikali rangi na vitambaa. Na wasanii wanaofika mchujo wa mwisho walipwe kwa michoro yao hata wasiposhinda, kwa sababu kuchora nako ni kazi.

6. Jina la msanii liandikwe pale pale ukutani. Na mchoro usichukuliwe ukachapishwa kwenye fulana na vikombe vya watalii bila ya ruhusa yake na malipo yake.

Na sisi wenyewe je?

Dada zetu, yapo ambayo hayamsubiri diwani. Ukiolewa na ukaweka picha za mikono yako mtandaoni, andika jina la aliyekuchora. Waliopiga picha mnawataja, ukumbi mnautaja, mchora piko mnamuacha. Ukiwa na mchoro wako mwenyewe, uweke tarehe, uuhifadhi, na nenda kwa wenzetu wa COSOZA uulize namna ya kuulinda; hakimiliki si ya waimbaji peke yao. Mukiitwa na ofisi yoyote, ulizeni malipo kabla ya kufungua sanduku la uzi, na mukiambiwa ni ya kujitangaza, jibuni kwa upole kuwa mumeshajulikana. Mmoja akikataa ataonekana ana kiburi. Tukikataa sote, itakuwa ndiyo bei ya soko.

Na diwani akija kuomba kura, musimuulize habari ya taka na maji pekee. Muulizeni: katika jengo jipya la hapa kwetu, msanii wa hapa kapata nini?

Kila mwanamke anayesoma hapa anajua kuwa kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo linazunguka, mji uko katikati, na jina ndilo linalosema. Kanga bila ya jina wanawake wa hapa hawainunui, wanaona haijasema kitu. Basi tunawaambia waheshimiwa: pindo la mji huu mumelipamba, na mji wenyewe tunauona unavutia. Sasa uandikeni jina. Na likiandikwa, liwe kwa mkono wa hapa, mkono uliolipwa.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atujaalie viongozi wenye kusikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.